Mteja alicheka kabati: jibu kwa fundi anayejifunza kuchora

Swali hili limetoka kwa fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa samani, nina miaka 27. Wateja siku hizi wanakuja na picha kwenye simu, halafu wanasema 'nataka kama hii lakini milango iwe mitatu, na hapa chini kuwe na droo'. Nataka niweze kumchorea mtu palepale kabla hatujapatana bei. Mwezi uliopita nilimchorea mama mmoja kabati la nguo, akacheka mpaka akatafuta stuli ya kukalia. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi ya msingi kila usiku nikitoka kazini: mistari, duaradufu, masanduku na vivuli. Nakutumia picha za karatasi saba, na lile kabati pia. Mistari inatetemeka. Masanduku yanaonekana kama maboksi yaliyonyeshewa mvua. Je, nitumie rula? Na kama mtu hana kipaji, mazoezi haya yanasaidia kweli au napoteza mafuta ya taa? Naomba ukweli, usinifariji."

Marahaba, fundi.

Picha zako nimezichapa, nikazitandaza mezani zote saba na kabati pembeni. Nilizitazama jana usiku, nikazirudia leo asubuhi, maana macho yaliyochoka hulaumu kila kitu. Kufariji sitakufariji, lakini mkono wako hauna shida kubwa. Makosa mengi niliyoyaona umeyafanya kabla ncha haijagusa karatasi. Mengine yametokea kwa sababu wewe ni seremala, vitu unavijua mno.

La kipaji nalipita haraka. Siku yako ya kwanza karakana, fundi mkuu hakukuuliza kama una kipaji cha randa. Alikupa kipande cha msonobari akakwambia ukisawazishe, ukakiharibu, akakupa kingine. Kuchora samani ni kazi ya aina hiyo. Wapo watu wenye jicho la ajabu tangu utotoni, nimewafundisha kadhaa, na si wote waliofika mbali. Mteja wako haombi maajabu, anataka kuliona kabati lake.

Karatasi ya kwanza na ya pili ni mistari. Nimeihesabu: 84. Kuna mambo mawili tofauti yanayotokea hapo, na wewe umeyaita yote "kutetemeka".

La kwanza ni kutetemeka kwenyewe, kama ule mstari wa nne kutoka juu kwenye karatasi ya kwanza. Ukiutazama kwa karibu unaona mawimbi madogo madogo, labda kumi na mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kijana wa miaka 27 hautetemeki hivyo. Mawimbi yale yanatokea mtu anapochora polepole huku jicho limeganda kwenye ncha ya penseli: ncha ikipotoka kidogo jicho linaona, mkono unairudisha, inapotoka upande wa pili, unairudisha tena. Kila wimbi ni sahihisho moja. Halafu ulipoona mstari haujakaa vizuri umeupitia mara ya pili na ya tatu, sasa kuna mistari mitatu mibaya mahali pa mmoja.

Unapotaka kupiga uzi wa chaki kwenye ubao mrefu, unafanyaje? Unaweka alama huku, unaweka alama kule, unakaza, unaachia. Hakuna fundi anayeusindikiza uzi kwa kidole ili uende sawa. Fanya hivyohivyo kwenye karatasi. Weka nukta mbili. Pitisha mkono hewani juu yake mara tatu nne bila kugusa, mpaka mkono uizoee njia. Kisha telemsha ncha na upige mara moja, kwa mwendo usiosita, jicho likiwa kwenye nukta ya mwisho. Usiitazame kalamu. Mstari ukikosa nukta kwa milimita mbili, uache ulivyo. Ukipitiliza, uache. Ulaini wa mstari unakuja kwanza, shabaha inafuata baadaye, na huwezi kuvidai vyote viwili katika wiki moja.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona. Geuza karatasi ya pili, ishike usawa wa jicho kama unavyokagua ubao kama umepinda. Umeona? Mistari karibu yote mirefu imebenuka kidogo kuelekea juu, upande mmoja. Hapo mkono hautetemeki hata kidogo. Umeuegemeza mkono mezani na kiwiko kimekuwa msumari, kwa hiyo kalamu inazunguka kama bikari. Huwezi kuranda ubao wa futi sita kwa kifundo cha mkono. Unasukuma kwa bega, mwili mzima unafuata. Mstari mrefu kuliko kiganja chako uchore kwa bega vilevile, kiwiko kikiwa huru. Kwa siku nne tano utahisi unachora kwa mkono wa mtu mwingine na mistari itaharibika zaidi ya hii ya sasa. Vumilia, hiyo ni kawaida. Na izungushe karatasi. Kila mtu ana uelekeo mmoja ambao mkono wake unaupenda. Kwa wengi wanaotumia mkono wa kulia ni kutoka chini kushoto kupanda juu kulia. Karatasi haijapigiliwa misumari.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Naona umetumia penseli yako ya kazini, ile bapa. Kwa mbao ni nzuri kwa sababu haibingiriki wala haivunjiki ovyo, lakini ikigeuka kidogo tu mkononi mstari unakuwa mnene ghafla, na hapo huwezi kujua kosa ni la mkono au la penseli. Tumia biki. Wino haufutiki, na ndicho ninachokitaka. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akikusanya raba zetu mlangoni kama mlinzi anavyokusanya vitambulisho. Nilimchukia kwa muhula mzima. Mtu mwenye raba huchora kwanza ndipo afikirie. Karatasi ziwe zozote, hata zilizochapwa upande mmoja ni nzuri kabisa kwa mazoezi.

Sasa duaradufu, karatasi ya tatu. Hapa nimefurahi na nimeudhika kwa pamoja. Zile ndogo za juu ni nzuri, hasa safu ya pili. Zile pana zina ncha kali kila upande, kama kokwa ya tende. Umezichora kwa vipande viwili, upinde wa juu kisha upinde wa chini, ukaviunga kwenye kona. Duaradufu haina kona mahali popote. Hata ile nyembamba kabisa, kama shilingi inayotazamwa karibu ubavuni, mwisho wake bado unazunguka. Ichore kwa mzunguko mmoja, na ukishafika ulipoanzia usisimame, zunguka tena mara moja juu ya ile ya kwanza. Mara mbili inatosha. Ukizunguka mara tano unajificha ndani ya msokoto wa nyuzi na hutajua umbo ulilolitaka ni lipi.

Pale chini ya karatasi umechora kopo, na pembeni stuli ya duara. Mdomo wa kopo umeufungua vizuri, unaona ndani. Kitako chake umekikata kwa mstari ulionyooka. Najua kwa nini: kopo limekaa mezani, meza imenyooka, basi kitako kimenyooka. Ni kweli kwenye meza, na ni uongo kwenye karatasi.

Kesho fanya hivi. Chukua sufuria tupu, ile isiyo na mikono itakuwa rahisi zaidi. Iinue mpaka mdomo wake uwe sawasawa na macho yako. Utaona mstari tu, duara limepotea kabisa. Anza kuishusha taratibu, na usiache kuutazama mdomo. Unafunguka kidogo, kama jicho la mtu anayeamka, kisha zaidi, na ukiiweka sakafuni karibu na miguu yako ukainama kuitazama unaona karibu duara kamili. Kadiri duara linavyokuwa chini ya usawa wa macho ndivyo linavyozidi kufunguka. Sasa rudi kwenye kopo lako. Kitako kiko chini zaidi ya mdomo. Kwa hiyo kitako kinatakiwa kizunguke zaidi kuliko mdomo, wakati wewe umekifunga kabisa. Macho ya mteja yanaligundua kosa hilo papo hapo ingawa mdomo wake hauwezi kulieleza. Anachohisi ni kwamba kopo "halikai".

Stuli nayo ina ugonjwa wake. Miguu imesimama vizuri ila kiti kimeinamia kulia, kama kinamwaga maji. Piga mstari mwembamba katikati ya stuli, kutoka sakafuni hadi juu, kama nguzo inayopita ndani yake. Ule upana mkubwa wa duaradufu lazima uikate nguzo hiyo kwa kona ya skwea, yaani nyuzi 90. Stuli ikisimama wima, upana umelala sawa. Stuli ikilazwa chini, upana unageuka pamoja nayo. Ukilishika hili, meza za duara, vishikio vya mviringo na miguu iliyochongwa kwenye mashine ya kukerezea vyote vitakutii.

Twende kwenye masanduku, karatasi ya nne hadi ya sita. Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu kabati ni sanduku, kitanda ni masanduku mawili matatu, na karibu kila kitu unachokiuza kinatokana nalo.

Umechora masanduku 32. Yale ya mwanzo umeyachora kwa hofu, ya katikati kwa kujiamini, na ya mwisho kwa usingizi. Nambari 14 na 21 ni masanduku hasa. Ukiyafunga kamba ungeweza kuyabeba. Kati ya yaliyobaki, 11 yana kosa lilelile moja: yanapanuka kadiri yanavyokwenda mbali.

Ili ulione mwenyewe, chukua kalamu nyekundu na rula. Naam, hapa rula ina kazi. Sanduku lina kingo 12, na hizo 12 ni makundi matatu ya kingo nne nne: zinazokwenda kushoto, zinazokwenda kulia, na zinazosimama. Ndani ya kundi moja zote nne ni sambamba kwenye sanduku la kweli. Kwenye picha, ukizirefusha kuelekea mbali na wewe, zinatakiwa zisogeleane, kana kwamba zote zinakwenda kukutana kwenye nukta moja huko mbali. Zinaweza kusogeleana polepole mno hata nukta hiyo ikawa nje ya meza, sawa tu. Kisichowezekana ni ziachane. Refusha kingo za sanduku nambari 9. Mstari wa juu unapanda, wa chini unashuka, vinaachana kama miguu ya mtu anayetelezea kwenye tope. Ndiyo maana unaona maboksi yaliyonyeshewa.

Kwa nini mkono wako unafanya hivyo? Kwa sababu unajua. Unajua ubavu wa nyuma wa sanduku ni sawa na wa mbele, umevipima kwa futi mara elfu, na ungekuwa fundi mbaya kama usingeviweka sawa. Kichwa kinakwambia "nyuma ni sentimita 60 kama mbele", na jicho linakwambia "nyuma inaonekana fupi". Kichwa kinashinda, tena kinaongeza kidogo kwa usalama. Wanafunzi wangu ambao hawajawahi kushika msumeno hukosea hapa pia, lakini mafundi hukosea kwa uhakika zaidi, na wanabisha.

Ukitaka kichwa kinyamaze, kuna dawa ya zamani. Mwaka 1525 mchoraji wa Ujerumani aitwaye Albrecht Dürer alichapa kitabu cha upimaji chenye picha ambayo fundi yeyote ataipenda. Watu wawili wako chumbani na meza. Juu ya meza kuna gambusi ya Kizungu, ile inayotokana na udi, chombo tunachokijua kwenye taarabu. Ukutani kumepigiliwa msumari wenye kitanzi, na uzi umetoka hapo ukapita ndani ya fremu ya mbao mpaka kwenye gambusi. Mmoja anagusisha ncha ya uzi kwenye ukingo wa chombo, mwenzake anapima uzi unapita wapi kwenye fremu na kuweka nukta kwenye karatasi. Nukta baada ya nukta, gambusi inatokea, imefupika sawasawa na inavyoonekana. Ule msumari ukutani ndiyo jicho. Picha ni pale tu uzi wa kutoka kwenye jicho unapopita kwenye fremu.

Wewe huhitaji kitanzi wala mtu wa pili. Karakana yenu haikosi vipande vya vioo vilivyobaki kwenye makabati ya vyombo. Chukua kimoja, funga kingo zake kwa gundi ya karatasi usijikate, kisimamishe wima mbele yako, fumba jicho moja, tuliza kichwa, na chora juu ya kioo kwa kipande cha sabuni kingo za meza au kabati unaloliona nyuma yake. Usifikiri chochote, fuata tu. Kisha weka kioo juu ya ubao mweusi utazame. Utashangaa ubavu ulivyokuwa mwembamba. Mtu akikwambia kwa maneno kwamba ubavu wa sentimita 60 unaweza kuonekana kama theluthi ya uso wa mbele, utaitikia kwa adabu na usiku uchore vilevile kama jana. Ukishauchora mwenyewe kwenye kioo huwezi kubisha tena.

Kosa jingine liko kwenye sanduku nambari 5 na nambari 27, na hili unaweza kulikagua kwa skwea yako. Sanduku likikuonyesha nyuso tatu, kuna kona moja iliyo karibu nawe ambapo kingo tatu zinakutana, kama herufi Y. Pembe tatu zinazoizunguka kona hiyo zinajumlisha nyuzi 360. Kwa sanduku lenye kona za skwea, lililotazamwa kwa umbali wa kawaida, kila moja kati ya pembe hizo tatu lazima iwe pana kuliko skwea. Weka kona ya skwea juu ya Y ya nambari 5. Pembe ya kulia imebanwa, iko ndani ya skwea. Ndiyo sababu sanduku hilo linaonekana kama limekaliwa na mtu mnene. Kabla hujachora kitu kingine chochote kwenye sanduku, chora Y, ikague kwa jicho, kisha uendelee. Hapo utakuwa umejiokoa nusu ya taabu.

Kabla sijasahau: utaratibu huu wa kingo kukutana, wanaouita perspektivu, ni njia moja tu ya kuchora. Edward Saidi Tingatinga aliyeanza kupaka rangi ya mafuta juu ya hadibodi hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuhangaika na nukta za mbali, na picha za mtindo wake zimefika dunia nzima. Chui wake halali chini ya sheria ya Dürer. Lakini yeye hakuwa anamuuliza mtu "droo iwe upande gani". Wewe unauza kina cha kitu, kwa hiyo utaratibu huu unakufaa.

Sasa lile kabati. Nimelitazama muda mrefu na, samahani fundi, nami nimecheka, ila najua kwa nini. Mistari yake si mibaya. Milango mitatu umeigawa vizuri, vishikio viko mahali pake, uso wa mbele ungeweza kupelekwa moja kwa moja kwenye msumeno. Tatizo ni kwamba umemwonyesha mama yule paa la kabati.

Umeandika pembeni urefu: futi 6 na nusu. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama, macho yake yako futi 5 na kitu kutoka sakafuni. Hawezi kuliona paa la kabati hilo mpaka apande kitanda. Wewe umelichora paa lote wazi, kama tray ya mayai inayotazamwa kutoka juu, halafu ubavuni chini umechora kingo zinazoshuka kwenda mbali, kana kwamba macho ya mtazamaji yako chini ya sakafu. Kwenye picha moja umemweka mteja darini na chini ya zulia kwa wakati mmoja. Hakuweza kusema kosa ni nini, akacheka.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kabla hujaanza kabati lolote, piga mstari mwembamba uliolala kuvuka karatasi nzima. Huo ni usawa wa macho ya mteja. Kwenye kabati lako la futi 6 na nusu, uweke futi 5 na kidogo kutoka sakafuni, yaani robo tatu na ushee ya kimo cha kabati, juu ya vishikio kabisa. Kila ukingo unaokwenda mbali ulio juu ya mstari huo utashuka kuuelekea. Kila ulio chini yake utapanda kuuelekea. Ukingo ulio sawasawa na mstari, kama rafu ya ndani iliyo kwenye usawa huohuo, hautapanda wala kushuka, na rafu hiyo utaiona ubavu wake tu, huoni juu yake wala chini yake. Kingo zinazosimama ziache zisimame kama timazi. Kwa meza ya chai mstari huohuo uko juu sana ya samani, ndiyo maana uso wa meza unaonekana wote. Mstari haujahama, meza ndiyo fupi.

Ukienda kazini kesho, fungua mlango wa stoo nusu na usimame mbele yake. Ukingo wa juu wa mlango unashuka kuelekea bawaba au kuelekea kitasa, kutegemea umeufungulia upande gani. Wa chini unafanya kinyume. Tafuta mahali kwenye mlango ambapo mstari ungelala sawa. Pima kutoka sakafuni kwa futi. Utakuta ni kimo cha macho yako.

Kuhusu rula, basi. Kuna michoro miwili na usiichanganye. Mchoro wa vipimo, mbele, ubavu na juu, kila kitu kwa kipimo chake halisi: huo upige kwa rula na skwea, ndio utakaokata nao mbao, na naona tayari unaumudu. Mchoro wa kumwonyesha mteja uchore kwa mkono mtupu. Ukiwa na mtu dukani anakungoja na boda iko nje inapiga honi, hutakuwa na muda wa kutafuta rula, na mistari ya mkono iliyotulia inamwambia mteja kwamba bado mnazungumza, anaweza kusema "hapana, hii isogee". Mstari wa rula unamfanya aogope kubadilisha. Kwenye mazoezi rula itoke mwishoni tu, na kalamu nyekundu, kukagua.

Kukagua huko, kwa kweli, ndiko kulikokosekana kwenye karatasi zote saba. Hakuna hata alama moja nyekundu. Umefanya mwezi mzima wa kuchora na siku sifuri za kukagua. Masanduku 32 bila kukagua yamekufundisha kuchora sanduku baya kwa haraka. Ningependelea matano, kisha kalamu nyekundu, kisha matano mengine ukijua ni kundi gani la kingo linalokusaliti. Kwako ni lile linalokwenda kulia. Karibu kila sanduku lililoharibika limeharibikia hapo.

Karatasi ya saba, vivuli, nitaigusa tu kwa sababu imekuja mapema. Umesugua kwa kidole na imekuwa kama lami. Acha kidole. Sanduku lina nyuso tatu unazoziona, zipe viwango vitatu: mmoja uache mweupe, mmoja uwekee mistari yenye nafasi, mmoja mistari iliyosongana. Amua taa iko wapi, usibadilishe katikati. Na mistari hiyo ya kivuli ielekeze kwa nyuzi za mbao. Mlango wa mninga nyuzi zake zinasimama, basi na kivuli kisimame. Paa na droo nyuzi zimelala, kivuli kilale. Mteja atajua ubao umekatwaje bila wewe kuandika neno, na hilo wachoraji wengi wa mjini hawalijui.

Muda: dakika ishirini kwa usiku zinatosha kwa mtu aliyeshinda na randa. Kumi za mistari na masanduku, kumi za kuchora chochote unachokipenda, hata kibaya, hata mtoto wa jirani akiwa amelala. Ukifanya masanduku matupu kila siku utayachukia kabla ya Ramadhani kuisha. Andika tarehe kwenye kila karatasi na usitupe. Ukisinzia, lala, zile nambari 28 hadi 32 zilikuwa za kulala.

Hizi karatasi saba usizirudie. Kazi yako ya wiki mbili ni hii: kioo kwa sabuni mara tatu, sufuria mara moja, masanduku matano kwa usiku na nyekundu yake. Ukimaliza, lichore upya kabati la yule mama, futi 6 na nusu, milango mitatu, mstari wa macho kwanza. Paa lisionekane. Kama bado hajanunua kwingine, mpelekee yeye kabla hujanitumia mimi.